Ningemwacha Kabla ya Onyesho la Pili

"'Ningekuwa mimi ndiye huyu mwanamke,'" mhadhiri alisoma kwa sauti, miwani ikiwa imemshuka hadi ncha ya pua, "'ningemwacha huyu bwana kabla ya onyesho la pili, tena ningeondoka na redio.'"

Darasa zima likaangua kicheko.

Aliyeandika maneno hayo alikuwa amekaa safu ya mbele, ameinamisha kichwa kwa aibu ya uongo, ile ya mtu anayesifiwa na anaomba kimoyomoyo asifiwe zaidi. Jina lake la utani lilikuwa Mchambuzi. Hakulipata hapo chuoni. Alilipata kwenye kikundi cha waandishi wa tamthilia, watu wa kawaida wenye kazi zao, waliokutana kila Jumamosi alasiri kwenye chumba cha darasa la ushonaji na kusomeana michezo waliyoiandika wenyewe. Kati yao wote yeye peke yake ndiye aliyekuwa akisomea fasihi chuo kikuu, basi wakamvika jina hilo na likamkaa.

"Sikilizeni na hii," mhadhiri aliendelea. "'Mwanamke huyu hana kosa hata moja. Akichelewa anasamehewa. Akisahau anasamehewa. Mumewe anamwandalia chai, inapoa, na bado anamwambia pole kwa kazi. Mwandishi amempenda mhusika wake mpaka amemnyima damu. Na huyu mwanamume si mpole. Ni mwoga.'"

"Mwandishi akikujua, umekwisha!" mwanafunzi mmoja alipiga kelele kutoka nyuma.

"Atanijulia wapi?" Mchambuzi alijibu, akicheka.

"Ameshakujua," mhadhiri alisema, akirudisha karatasi mezani. "Niliwapa tamthilia isiyo na jina kwa sababu mwandishi mwenyewe aliniomba. Ni mtu wa nje, si mwanafunzi. Alikuja ofisini kwangu akasema anataka isomwe na watu wasiomwonea haya. Asubuhi ya leo nimemtumia kazi zenu zote, na majina yenu yapo juu. Sipendi watu wa kurusha mawe na kujificha."

Mchambuzi hakujali. Alikuwa ameongoza darasa. Alitoka nje mbiombio, akaegemea ukuta wa maktaba, akampigia mtu wa kwanza aliyemjia akilini.

Mtu huyo alikuwa mpenzi wake, na kwenye kikundi aliitwa Daktari wa Kuku. Hakuwa daktari, alikuwa ofisa mifugo, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, aliyezunguka kutoka banda hadi banda akichanja kuku. Jumamosi alifika kikundini na kisanduku chake cha baridi begani, harufu ya pumba haijamtoka vizuri, na mfukoni ana kurasa mpya. Walikuwa wamependana mwaka mzima na kidogo.

Simu iliita hadi ikakata. Akaandika:

"Nimeongoza darasa! Pokea simu nikusimulie, utacheka mpaka ukae chini. Kuna mtu kaandika mchezo, mwanamke malaika, mume gogo. Nimemchana vibaya!"

Hakupata jibu mchana kutwa. Jioni, akiwa ameshafika nyumbani anavua viatu, simu ikalia, ujumbe umeingia.

"Hongera. Nimeisoma."

"Umeisoma wapi tena?"

"Nimeisoma mara tatu. Hasa pale pa redio."

Mchambuzi alikaa chini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, mhudumu wa mapokezi hospitalini, mwanamke aliyezoea kusikiliza matatizo ya watu bila kusimamisha kazi ya mikono. Wakati huo alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Dada, nimeua."

"Umeua nani? Njoo umenye viazi."

"Dada, sina utani. Ule mchezo niliouchambua chuoni. Umeandikwa na Daktari."

Kisu kikasimama. Dada akafuta mikono, akaomba aone huo mchezo wenyewe, akafungua katikati na kusoma kwa sauti ya mapokezi, ile ya kuita wagonjwa kwa zamu.

"'Mwanamke: Dakika mbili tu mpenzi, namalizia ukurasa.' Heh! 'Mwanamke anachomeka kalamu kwenye nywele, kisha anaitafuta nyumba nzima.' Wewe!"

"Nini?"

"Huyu ni wewe!"

"Mimi? Dada, huyu mwanamke hana kosa. Ni malaika."

"Shika kichwa chako."

Mchambuzi akapeleka mkono kwenye nywele. Kalamu ilikuwemo.

Dada alicheka mpaka akashikilia meza. Mchambuzi naye alitaka kucheka, kicheko kikageuka kilio.

"Nimeisoma mara ngapi mimi," alisema, "na sikujiona!"

"Ungejionaje, mdogo wangu? Kakupamba mpaka hujitambui."

"Nimemwandikia kwamba ni mwoga. Nimemwandikia ningemwacha."

"Na ukapewa alama," dada alisema, safari hii bila kucheka. "Kesho asubuhi mfuate huko huko kazini kwake. Usitume ujumbe. Mambo haya hayamalizwi kwa vidole."

Kesho yake alimkuta kwenye banda kubwa la kuku nje ya mji, amechuchumaa, kofia imemfunika nusu ya uso. Mkono mmoja umemshika tetea, mwingine una kichupa kidogo cha chanjo. Alikuwa akidondoshea kila kuku tone moja jichoni, anamwachia, anamkamata mwingine. Alipomwona Mchambuzi hakuonyesha kushangaa.

"Shika huyu," alisema, akimpa kuku.

"Daktari, nimekuja tuongee."

"Ongea. Lakini mshike mabawa, si shingo. Unamnyonga."

Basi Mchambuzi, aliyekuwa amejipanga njia nzima maneno ya kuomba radhi, akajikuta anaomba radhi huku amekumbatia kuku anayempiga mateke ya tumbo.

"Nisamehe. Ningejua ni mchezo wako, nisingeandika vile."

"Hapo ndipo penyewe. Ungejua ni wangu, ungeandika nini?"

Mchambuzi akamrekebisha kuku mikononi.

"'Nzuri sana,'" Daktari alisema, akidondosha tone. "Mchezo wangu wa kwanza, nzuri sana. Ule wa mpangaji na mwenye nyumba, nzuri sana. Ule nilioukosea makusudi, mtu anakufa onyesho la kwanza na onyesho la tatu anarudi anaomba chai. Unakumbuka uliniambia nini?"

"Nzuri sana," Mchambuzi alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo maana nikaupeleka huu chuoni kwa mlango wa nyuma. Nilitaka kujua watu wenye akili wanasema nini juu ya kazi yangu. Sikujua kama wewe utakuwa miongoni mwao. Na kumbe wewe ndiye uliyesema kweli kuliko wote." Akamwachia kuku, akamtazama mwenzake kwa mara ya kwanza. "Nilichoshindwa kuelewa ni kitu kimoja. Mwaka mzima ulinidanganya kwa nini?"

Hapo palikuwa na njia rahisi ya kutokea. Angeweza kusema alimdanganya kwa sababu anampenda, hakutaka kumvunja moyo, na huenda wangekumbatiana pale pale penye manyoya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza.

"Sikukudanganya. Sikuzisoma."

"Nini?"

"Michezo yako. Niliipitia tu. Ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho, nikiwa kwenye ngazi nasubiri mhadhara. Kulikuwa na kazi za chuo, mitihani, mawasilisho. Nikajiambia wewe utanisubiri. Mhadhiri hasubiri mtu. Huu wako nimeusoma vizuri kwa sababu ulikuwa una alama."

Kuku waliendelea kupiga kelele zao. Daktari alifunga kichupa, akakirudisha kwenye kisanduku cha baridi polepole mno.

"Afadhali ungekuwa umenidanganya," alisema.

"Najua."

"Mtu anayekudanganya angalau amekufikiria."

"Najua, Daktari. Najua."

"Ofisini wanatafuta mtu wa kwenda kituo cha mbali. Safari ya siku nzima kutoka hapa. Jana, baada ya kusoma ile kazi yako, nilimwandikia mkubwa kwamba niko tayari kwenda. Jumatatu atatoa jibu."

"Unaniacha?"

"Umeandika ungeondoka kabla ya onyesho la pili. Nimekupunguzia kazi." Akamchukua yule kuku mikononi mwa Mchambuzi, kwa upole, kama vile kuku huyo ndiye aliyekosewa. "Jumamosi ni zamu yangu kusomewa kikundini. Nimeshamwahidi Mama Mapazia, sitavunja ahadi. Tusome, tuagane vizuri, kila mtu ashike njia yake."

Mchambuzi alirudi mjini kwa miguu, manyoya mawili yamemng'ang'ania kwenye sweta, analia barabarani bila kujificha. Kilichomuuma si kwamba ameachwa. Kilichomuuma ni kwamba hakuwa na neno la kujitetea. Mtu alimpenda hadi akamwandika, naye alimsoma akiwa anapanda ngazi. Na sasa amebakiza siku chache kabla mtu huyo hajaenda mahali ambako hata akitaka kumfuata atahitaji likizo.

Alipofika chuoni hakuingia darasani. Aligonga mlango wa mhadhiri.

"Karibu. Mbona una manyoya?"

"Mwalimu, naomba kubadilisha mada ya insha yangu ya mwisho wa muhula."

"Inatakiwa Jumatatu!"

"Najua, mwalimu. Nataka kuandika kuhusu tamthilia za waandishi wasio na shule ya uandishi. Watu wanaoandika baada ya kazi. Ninazo tamthilia zote za mwandishi mmoja. Mwaka mzima nimekuwa nazo begini."

"Mwandishi gani?"

"Yule uliyetupa tamthilia yake bila jina."

Mhadhiri alivua miwani. "Yule wa mume mwoga?"

"Ndiyo."

"Una uhusiano wowote na mwandishi? Lazima niulize, ni utaratibu."

Mchambuzi akafikiri. "Mpaka leo asubuhi alikuwa mpenzi wangu."

Mabega yakaanza kumtikisika mhadhiri, akaziba mdomo kwa karatasi, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Yaani wewe... 'ningeondoka na redio'... na mwenyewe ndiye..."

"Ndiyo, mwalimu."

"Binti yangu, andika. Andika hiyo uliyosema, na hapo juu uweke wazi kwamba mwandishi unamfahamu. Nimechoka kusoma insha zinazofanana. Ila usimpendelee."

"Hiyo haitakuwa shida," Mchambuzi alisema. "Shida yangu ni nyingine kabisa."

Alitoka pale mwepesi kidogo. Mwaka mzima alikuwa akijigawa, huku chuo, huku kikundi, anakimbia katikati na kuchelewa kote kuwili. Haikuwahi kumjia akilini kwamba lile bunda la karatasi begini lingeweza kuwa kazi ya chuo. Alikwenda maktaba, akachagua meza ya pembeni, akatoa mchezo wa kwanza na kuanza kusoma, neno kwa neno, kalamu mkononi.

Kabla njaa ya mchana haijamuuma alituma ujumbe wa kwanza. Dada alikuwa amemkataza kutuma ujumbe wa kuomba msamaha. Huu haukuwa wa kuomba msamaha.

"Mchezo wa mpangaji: onyesho la kwanza linachosha. Watu wanasalimiana kurasa mbili. Hakuna aliyetoka kwake kuja kusikiliza salamu."

Kimya.

"Mchezo wa mashemeji: yule shemeji mdogo ana mstari mmoja tu, na ndiye ninayemkumbuka. Mpe mchezo mzima."

Kimya.

"Mchezo wa marehemu anayeomba chai. Ulisema umeukosea makusudi. Mwongo mkubwa wewe. Ndio mchezo wako bora kuliko yote. Mjane anamwekea chai bila kumuuliza alikuwa wapi. Nimelia hapa maktaba mpaka mlinzi kaniuliza kama nimefiwa."

Simu ikatikisika mezani.

"Ule ulikuwa mzaha."

Mchambuzi alishusha pumzi ndefu kiasi kwamba mlinzi alimtazama tena.

"Ndiyo sababu ni mzuri," aliandika. "Ulipokuwa unatania hukuogopa. Kwa nini mjane hamuulizi mumewe alikuwa wapi?"

"Akimuuliza ataondoka tena."

"Sasa mbona umelificha hilo?"

"Sijalificha. Liko ukurasa wa mwisho."

"Liko kwenye maelekezo ya jukwaa! Mtazamaji halioni!"

"Mtazamaji si mjinga."

"Mimi mwenyewe nililipita."

"Wewe huhesabiki. Wewe unasomea ngazini."

Mchambuzi akacheka. Alicheka kwa sauti, maktaba, mpaka mlinzi alikuja kumwonyesha kibao cha KIMYA, na bado akacheka akiwa ameziba uso kwa mikono miwili. Jamani, kama hujawahi kutukanwa na mtu uliyedhani hatakuambia neno tena maishani, huwezi kuijua raha hiyo. Haikuwa msamaha. Lakini ni mtu aliyenuna tu ndiye anayekunyamazia kabisa, na huyu alikuwa ameanza kubishana.

Walibishana hadi Ijumaa. Daktari alimwita mjuaji. Yeye alimwita mwandishi wa salamu. Daktari alitetea kila nukta kama mtu anayetetea kiwanja cha baba yake, kisha baada ya saa moja anatuma ujumbe mfupi: "Sawa, nimetoa." Ila kila Mchambuzi alipogusa habari ya kituo cha mbali, jibu halikuja. Na ule mchezo wa mke malaika hawakuutaja hata mara moja.

Jumamosi, chumba cha ushonaji kilikuwa kimepangwa kama kawaida, vyerehani vimefunikwa na kusogezwa pembeni, viti vimewekwa duara. Kiongozi wa kikundi alikuwa Mama Mapazia, mshona mapazia mwenye umri wa kuwa mama wa wote waliokuwemo, na mwenye sheria moja tu ambayo hakumsamehe mtu kwayo: mwandishi anayesomewa anakaa uso ukutani, mgongo kwa wasomaji, na hageuki wala hasemi mpaka neno la mwisho lisomwe. Watu wakiuona uso wa mwandishi, alisema, wanaanza kusoma kwa huruma.

"Shikamoo, mama," Mchambuzi alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamevimba?"

"Kusoma, mama."

"Kusoma hakuvimbishi hivyo." Mama Mapazia akamtazama, akamtazama na Daktari aliyekuwa tayari ameshageuza kiti chake ukutani, akaguna. "Utasoma mwanamke. Bwana Posta atasoma mwanamume."

Bwana Posta alikuwa mzee mstaafu mwenye kikohozi, aliyezisoma sehemu zote za mapenzi kama anayesoma anwani. Aligawiwa karatasi. Mchambuzi akapokea zake, na mara moja akaona si zile alizozijua. Mchezo ulikuwa umeandikwa upya.

Mwanamke wa kurasa hizi alikuwa na makosa. Alichelewa, na mtu akamuuliza. Alisahau, na kikombe kikavunjwa. Alikuwa mkali, mcheshi, anajua kuchekesha chumba kizima huku akimsahau mtu mmoja. Mchambuzi alisoma polepole, kwa sababu safari hii alijiona tangu mstari wa kwanza, na kwa namna ya ajabu alijipenda zaidi hivyo. Wenzake walicheka, wakaguna, mmoja akasema "Mh!" kwa uchungu. Daktari aliendelea kuutazama ukuta.

Wakafika onyesho la pili.

"'Nimechoka kuwa wa mwisho,'" Bwana Posta alisoma, akakohoa. "'Mimi si mwoga. Nilikuwa naogopa jibu lako tu. Leo nauliza. Mimi ni nani kwako?'"

Mchambuzi akatazama karatasi yake. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Mama, hapa hapana maneno."

"Soma kilichoandikwa."

"Kimeandikwa, 'Mwanamke anajibu.' Basi. Chini ni peupe."

Mama Mapazia akautazama mgongo wa Daktari kwa muda. Mgongo ule ulikuwa umekakamaa kama ubao.

"Kama imeandikwa anajibu," alisema taratibu, "jibu."

Mchambuzi aliweka karatasi magotini. Mbele yake alikuwa Bwana Posta, aliyemkodolea macho kwa hofu ya mzee aliyekuja kusoma mchezo na kukuta mambo ya watu. Akamwambia Bwana Posta, kwa sababu hakukuwa na uso mwingine wa kumwambia:

"Umekuwa wa mwisho kwa sababu wewe peke yako ndiye niliyekuwa na hakika naye. Wengine wote niliwakimbilia kwa woga. Mhadhiri, mitihani, hata watu wa kikundi hiki. Wewe nilikuweka kando kama kitu kisichoharibika, na kumbe ulikuwa unaharibika mbele ya macho yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mwoga. Unaniuliza wewe ni nani kwangu? Wiki hii umeniita mjuaji mara nyingi kuliko ulivyowahi kuniita mpenzi, na ni wiki niliyokupenda kuliko zote. Nimekusoma, mwaka mzima wako wote, na kila ukurasa nilitaka nikupigie simu tugombane. Sitakuahidi kwamba sitachelewa. Nitachelewa, najijua. Lakini nikichelewa, gomba. Usiniambie pole kwa kazi. Gomba, nijue kwamba kuna mtu niliyemchelewea. Na usiende huko mbali. Nakuomba. Usiende."

Bwana Posta alifungua mdomo, akatazama karatasi yake, hakuona cha kusoma, akaufunga.

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Mwandishi!" Mama Mapazia alifoka. "Hatugeuki!"

"Nimeshageuka, mama," Daktari alisema.

Uso wake ulikuwa umelowa. Alisimama pale ukutani, mikono inaning'inia, hajui aipeleke wapi bila kuku.

"Siendi," alisema.

"Lakini Jumatatu..."

"Nilimpigia mkubwa jana nikamwambia nimebadili mawazo. Akanitolea maneno, nami nikayapokea. Alipomaliza akasema kumbe kuna mwenzetu ambaye mke wake anafanya kazi huko huko, siku zote analilia nafasi hiyo. Ameshapewa."

"Jana? Kabla sijakujibu?"

"Kabla."

"Na kama ningejibu vibaya?"

"Ningebaki hapa hapa, tukabishana mpaka ujibu vizuri."

Mchambuzi aliachia pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu kule bandani. Alicheka na kulia kwa pamoja, pua inamtiririka, hajali. Mama Mapazia alikuwa ametoa kitambaa cha pazia kutoka mahali fulani na alikuwa akijifuta macho huku amekunja uso, ili watu waendelee kumwogopa.

"Bwana Posta," Daktari alisema, "naomba nafasi yako kidogo."

"Chukua, chukua," mzee alisema, akainuka haraka ajabu kwa umri wake.

Daktari akaketi mbele ya Mchambuzi, magoti yao yakagusana.

"Nataka nikuoe. Utakubali?"

"Hilo limeandikwa kwenye mchezo?"

"Halijaandikwa popote."

"Nakubali."

Chumba kikalipuka kwa vigelegele na makofi, Bwana Posta akapatwa na kikohozi cha furaha mpaka akapigwa mgongoni. Ilichukua muda hadi Mama Mapazia alipofanikiwa kumrudisha mwandishi ukutani, kwa sababu, alisema, harusi ni harusi na sheria ni sheria, na bado kuna onyesho la tatu. Wakalisoma lote hadi mwisho, ingawa hakuna aliyelisikia vizuri.

Kisha ukaja wakati wa maoni. Daktari aliruhusiwa kugeuka. Mmoja alisema amependa kikombe kilichovunjwa. Mwingine alisema mume sasa ni mtu. Zamu ikamfikia Mchambuzi, na chumba kizima kikageuka kumtazama, wote wakitabasamu, wakingoja aone haya na kusifu.

Mchumba wake naye alimtazama. Hakuwa akitabasamu. Alikuwa akingoja kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Mchambuzi alichomoa kalamu kwenye nywele, akarudisha kurasa nyuma taratibu, akaisoma moja mara mbili.

"Onyesho la tatu," alisema. "Ukurasa huu wote utoke."

"Wote?"

"Wote. Wameshapatana, bado wanaelezana kwa nini wamepatana. Unatuchosha."

"Huo ndio niliouhangaikia kuliko zote!"

"Inaonekana. Utoke."

Daktari alimtazama kwa muda, kisha uso wake ukafunguka kabisa, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akavuta kiti hadi pembeni yake na kumpokonya karatasi.

"Nionyeshe ni wapi hasa," alisema. "Na ukikosea, sitanyamaza."